Gari jipya kabisa, injini inakata pumzi mlimani, na wauzaji wanasingizia mafuta ya Newala

MAMA PEMBEJEO (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeshaongea na watu wa kila aina kuhusu jambo hili na nimechoka kujibiwa nusu nusu.

Niko Newala. Nina duka la pembejeo, na msimu wa kupulizia mikorosho nabeba mizigo yangu na ya wenzangu: salfa, viuatilifu vya maji, mabomba ya mgongoni. Miaka tisa nilikuwa nakodi magari ya watu. Februari mwaka huu nikachukua pikapu dabo kebini ya dizeli, mpya, kilomita 11 kwenye dashibodi, nailoni bado ziko kwenye viti. Sehemu nilitoa taslimu, sehemu ni mkopo wa benki. Muuzaji ni wakala aliyeidhinishwa, makao yake Dar, na ana karakana Mtwara mjini. Jina lake sitalitaja, wala aina ya gari, maana suala bado liko mezani. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia.

Mwezi wa tano, gari likiwa na kilomita 4,870, tulikuwa tunatoka Mtama tunapanda kwenda Mkwiti. Nyuma mifuko 30 ya salfa, kila mfuko kilo 25, yaani kilo 750, chini ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Anaendesha mdogo wangu, mimi pembeni. Tuko gia ya tatu, ghafla gari likaishiwa nguvu. Unakanyaga mafuta, mshale umegoma pale pale. Taa ya njano ya cheki injini ikawaka. Tukajikokota kilomita 25 kwa saa na lori la mbao likatupita. Tukaegesha, tukazima, tukasubiri kidogo, tukawasha tena. Likaenda vizuri kama dakika kumi, likarudia yale yale.

Safari ya kwanza karakana Mtwara: wakabadilisha filta ya dizeli, wakachomeka mashine, wakazima taa. "Mama, mafuta ya huko kwenu machafu." Sikupewa karatasi yoyote.

Safari ya pili, baada ya siku 12: taa imewaka tena pale pale mlimani. Wakaizima. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama mdogo wangu anajua kuendesha dizeli za kisasa, na kama baba watoto yupo aje yeye. Nilijizuia, ila maneno yale yaliniuma. Gari nimenunua mimi na marejesho nalipa mimi. Karatasi niliyopewa imeandikwa "sevisi ya kawaida."

Safari ya tatu wakakaa nalo siku sita. Jibu: "Tumelijaribu, hitilafu haijaonekana." Nikauliza mmelijaribia wapi. Shangani na Ligula, gari tupu. Wakuu, mnaoijua Mtwara mjini mnajua kule ni tambarare. Gari linaloishiwa nguvu na mzigo mlimani utaliona wapi Shangani?

Hivi sasa mikorosho inatoa maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, haungoji fundi. Nakodi gari la mtu huku gari langu la mkopo liko uani. Nianzie wapi?


FUNDI PAMPU MASASI

Pole sana dada. Kabla ya yote: mashine iliposomwa, ilitoa namba gani ya kosa? Hiyo namba ndiyo ushahidi wako. Wanapoifuta hawazimi taa peke yake. Kompyuta ya gari huwa inahifadhi picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: mwendo, mzunguko wa injini, joto, mzigo kwenye injini. Ukifuta kosa, na hiyo picha inafutika. Kwa hiyo kila walipofuta bila kukuandikia, walikuwa wanakuondolea shahidi.

Dalili zako zinanielekeza kwenye mgandamizo wa mafuta. Dizeli za siku hizi zina pampu ya mgandamizo mkubwa inayojaza bomba moja nene, tunaliita reli, na kila nozeli, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini, inachota humo. Kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, mgandamizo unakuwa kama bar 300, mlimani na mzigo unapita 1,500. Pampu iliyochoka itaweza kabisa kutoa hizo 300. Ndiyo maana mjini gari ni zima.

Usiwaache wafute tena. Nunua kile kisomeo kidogo cha bluutuzi, kinachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unasoma kwa simu. Soma tu, usifute.


DEREVA WA KUSINI

Hili la mafuta ya huko kwenu nalisikia toka nianze kazi. Meli za mafuta zinashusha Mtwara kwa utaratibu ule ule wa uagizaji wa pamoja unaotumika Dar na Tanga. Dizeli ya Newala imepimwa kwa viwango vile vile. Kituo kimoja kinaweza kuwa na tangi bovu au mtu kuchakachua, sikatai, ila hapo wataje kituo na waonyeshe kipimo.

Mama, risiti zako za mafuta unazo?


MAMA PEMBEJEO

@Dereva wa Kusini, ninazo zote, za EFD. Toka Februari nimejaza vituo viwili tu, na kimoja ndicho kinachojaza magari ya nusu ya mji huu.

@Fundi Pampu, kisomeo nimekiagiza Mtwara, kinakuja na basi la kesho.


MWANASHERIA MIKINDANI

Dada, nakuomba usiendelee na hili kwa mdomo. Mambo matatu, kwa uzito wake.

Kwanza muda. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kukataa bidhaa mbovu, lakini ukikaa nayo muda unaotosha bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa, unahesabika umeikubali. Hapo unabaki na haki ya kudai fidia, ile ya kurudisha gari imekuponyoka. Kwa hiyo andika barua wiki hii, useme wazi kwamba hujaridhika na gari na kwamba kulitumia kwako wakati wanalitafutia dawa si kulikubali.

Pili, sheria hiyo hiyo inaweka sharti, hata kama mkataba umenyamaza, kwamba muuzaji wa biashara hiyo atatoa kitu chenye ubora wa kuuzika. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya hapo. Wasikwambie kwamba haki zako zinaanzia na kuishia kwenye kile kitabu cha waranti.

Tatu, mkishindwana kuna Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo pia inamlinda mlaji. Malalamiko yako yatakuwa na miguu kama una nyaraka. Bila nyaraka ni neno lako na lao.


NILIFANYA KAZI SHORUMU

Niseme la upande wa pili, si kuwatetea. Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la waranti la kampuni nyingine, si hiyo. Karakana ikitengeneza gari kwa waranti inatakiwa irudishiwe gharama na kiwanda, na kiwanda kinataka ushahidi: namba ya kosa, takwimu, picha, kipuri cha zamani. Vikikosekana, dai linakataliwa na pampu inakuwa hasara ya wakala. Meneja anaogopa kuagiza pampu ya mamilioni kwa neno la mteja, basi anapitia njia rahisi, anafuta.

Kwa hiyo mpelekee ushahidi mkononi, ule atakaoutuma kiwandani. Na unapoacha gari, hakikisha jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya karakana, imeandika malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe: "inaishiwa nguvu ikiwa na kilo 750 kupanda Mkwiti, taa inawaka, namba fulani." Usisaini palipoandikwa "kuangalia injini." Karatasi inayosema sevisi ya kawaida, kwa kiwanda maana yake hujawahi kulalamika.


MAMA PEMBEJEO

Taarifa mpya, siku nne baadaye.

Nimerudi mlimani kwa makusudi. Mifuko 30 ile ile, mdogo wangu usukani, mimi nimeshika simu yenye programu ya kisomeo, na binti yangu siti ya nyuma anarekodi video ya simu na dashibodi kwa pamoja. Programu inaonyesha namba mbili zimekaa jirani: mgandamizo ambao kompyuta inautaka, na ule uliopo kweli. Kwenye tambarare ya Mtama zilikuwa zinatembea sambamba. Tulipoanza kupanda, ya kwanza ikaenda 1,400, 1,500, 1,600. Ya pili ikafika 1,250 ikasimama, halafu ikaanza kushuka mbele ya macho yangu: 1,180, 1,090. Mguu wa mdogo wangu uko chini kabisa. Taa ikawaka, gari likanywea. Namba: P0087. Fundi Pampu, uliniambia kabla sijaiona.

Niliegesha pale nikalia kidogo, wakuu. Si kwa huzuni. Miezi miwili naambiwa nakosea, naambiwa mdogo wangu hajui gari, na sasa jambo lenyewe liko kwenye kioo cha simu.


FUNDI PAMPU MASASI

Safi sana. P0087 ni mgandamizo wa reli kushuka kupita kiasi. Bado haikwambii nani mkosaji. Inaweza kuwa filta imeziba, hewa inaingia upande wa kunyonya, nozeli inarudisha mafuta kupita kawaida, vali ya reli inavuja, au pampu yenyewe. Filta wamebadilisha na tatizo likarudi, hiyo iweke mwisho. Waambie wapime marejesho ya nozeli: wanafunga chupa nne, moja kila nozeli, injini inaunguruma, halafu wanalinganisha kimo cha mafuta. Na filta iliyomo sasa waivue na waifungue MBELE YAKO. Wewe usiifungue, watasema umechokonoa.


MAMA PEMBEJEO

Safari ya nne, nimerudi leo jioni. Naandika kabla sijasahau.

Nilikwenda na barua, nakala mbili, ya kwangu wakaigonga muhuri wa kupokelewa. Jobu kadi nilisimama mezani mpaka wakaandika maneno yangu yote, pamoja na P0087. Video nikamtumia meneja kwenye WhatsApp nikiwa mbele yake.

Akarudi kwenye mafuta. Nikamwambia sawa: nimekuja na chupa mbili safi za lita moja nilizojaza kituoni jana mbele ya shahidi, zimefungwa kwa utepe na tumesaini juu. Moja ibaki kwako, moja kwangu, tuzipeleke TBS, Shirika la Viwango, wote wawili, na gharama ziwe juu ya atakayeonekana mwongo. Akazitazama zile chupa muda mrefu, halafu akasema tuanze na vipimo vya gari. Neno la mafuta halikurudi tena siku ile.

Fundi wao mkubwa, mtu mzima mmoja mpole kweli, akavua filta na kuimimina kwenye bakuli jeupe la plastiki. Maji hayakuwemo. Akaizungusha dizeli taratibu, akaisogeza dirishani, na chini ya bakuli kukawa na vitu vinameta kama ngozi ya dagaa juani. Akachukua sumaku ya spika, akaizungushia karatasi, akaipitisha. Ilipotoka ilikuwa na masharubu meusi ya vumbi la chuma. Yule mzee hakusema kitu, alivua miwani tu akaifuta. Nilimwomba nipige picha akaniambia piga mama, piga na namba ya gari ionekane.

Chupa nne zikafungwa. Tatu zilikuwa karibu sawa, ya nozeli ya tatu ilijaa zaidi ya mara mbili ya wenzake.

Sasa meneja anasema watabadilisha pampu na nozeli moja. Nikubali?


FUNDI PAMPU MASASI

USIKUBALI. Nakuomba kwa msisitizo. Chuma hicho kimetoka kwenye pampu inayojitafuna. Kilichokutwa kwenye filta ni kile kilichorudi kwenye tangi kwa bomba la marejesho na kuanza safari upya. Kingine kimeshaenda mbele: reli, mabomba, nozeli zote nne. Ukifunga pampu mpya hapo, itanyonya vumbi lile lile kutoka tangini na nozeli zitakufa moja moja waranti ikiwa ukingoni. Kinachotakiwa ni pampu, reli, mabomba ya mgandamizo, nozeli zote nne, filta mpya, na tangi lishushwe lioshwe. Ni gharama kubwa, najua, lakini kazi ni hiyo. Yule mzee anajua, muulize pembeni.


NILIFANYA KAZI SHORUMU

Naunga mkono. Na usichukue ahadi ya simu. Omba barua pepe yenye orodha ya vipuri kimoja kimoja. Pia waulize kama wanapeleka picha za bakuli kiwandani. Wakisema ndiyo, ujue wameshakubali kwamba dai lipo.


MAMA PEMBEJEO

Mambo yalisimama wiki mbili. Meneja wa Mtwara akasema uamuzi uko Dar. Dar wakasema lete gari huku. Nikauliza kwa njia gani? Wakasema liendeshwe tu taratibu.

Wakuu, kutoka Mtwara mjini mpaka Dar ni kama kilomita 560, na gari linatafuna pampu yake. Likizima kati ya Nangurukuru na Somanga usiku nani anakuja? Barabara ile tunaijua sisi tunaopita. Mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kiliikata pale Somanga na watu walilala njiani. Nikajibu kwa barua: gari halitoki karakana ya Mtwara kwa magurudumu yake. Mkilitaka Dar leteni lobedi, lori la kubebea magari, kwa gharama zenu, mnisainie hali ya gari kabla halijapakiwa, na mnipe gari la kutumia. La sivyo mleteni fundi wenu huku.

Mwanasheria alinisaidia aya ya mwisho, ile ya kuwapa siku 14, la sivyo naenda FCC. Asante sana kaka, na hukutaka hata nauli.

Siku ya tisa wakamleta fundi kutoka Dar. Nilisisitiza tupande naye Mkwiti na mzigo. Mwanzoni alisema vipimo vya karakana vinatosha. Nikamwambia baba, mifuko imeshapakiwa, twende. Alichomeka mashine yao kubwa, akakaa siti ya mbele, na gari likanywea kwenye kona ile ile. Aliandika kwa mkono wake: "Hitilafu imethibitishwa, gari likiwa na mzigo." Miezi mitatu na siku kadhaa nimeisubiri sentensi hiyo.


MAMA PEMBEJEO

Taarifa nyingine. Barua pepe imekuja na orodha: pampu, reli, mabomba, nozeli nne, filta, kuosha tangi. Yote kwa waranti. Niliomba pia mfumo wote wa mafuta upewe waranti mpya ya mwaka mmoja kuanzia siku ya kukabidhiwa gari, wakakubali. Nilichokataliwa ni fidia ya magari niliyokodi msimu mzima wa kupulizia. Wanasema waranti haihusiki na hasara ya biashara.


MWANASHERIA MIKINDANI

Waranti yao inaweza kusema hivyo. Dai la hasara iliyotokana na bidhaa mbovu ni kitu kingine, linatoka kwenye sheria. Lifungulie jalada lake: risiti za kukodi, tarehe za kila safari ya karakana, mapato yako ya msimu uliopita. Unapochukua gari watakupa fomu ya makabidhiano. Isome mpaka chini. Ukikuta maneno ya kwamba huna dai lingine lolote, yakate kwa kalamu, weka saini ndogo pembeni, andika "nimepokea gari tu."


MAMA PEMBEJEO

Gari nimelichukua juzi. Maneno hayo yalikuwepo kweli, mstari wa pili kutoka chini, herufi ndogo. Nimeyakata. Kijana wa mapokezi, yule yule wa mwanzo, alitaka kunizuia, yule fundi mzee akamwambia mwache mama. Vipuri vya zamani nimeviona na kuvipiga picha, wenyewe wamebaki navyo kwa ajili ya kiwanda.

Jana nimepanda Mkwiti. Mifuko 30. Inatakiwa 1,600, iliyopo 1,590. Inatakiwa 1,650, iliyopo 1,640. Hatukushuka chini ya gia ya tatu mpaka juu. Mdogo wangu alikuwa kimya njia nzima, tulipofika juu akaegesha akashuka akaligonga bodi kwa kiganja mara mbili, akaendelea na safari. Dai la fidia nimelipeleka kwao kwa barua Jumatatu.


MCHUKUZI RUANGWA

Dada, nimesoma uzi wako mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimesimama. Pikapu yangu ni ya dizeli pia, nilinunua mpya mwaka jana, imeanza mambo hayo hayo. Fundi wa hapa kafungua filta jioni hii, chini kuna vitu vinang'aa. Kesho alfajiri nina mzigo wa Nachingwea, nikirudi nitaanza hizo barua.


MAMA PEMBEJEO

Kaka, usiende na hilo gari. Kila kilomita pampu inasukuma chuma kwenye nozeli, na watasema uliendelea kuliendesha huku umeshajua. Lizime hapo lilipo. Filta usiitupe wala usiioshe, itie kwenye mfuko safi ufunge, fundi aandike jina lake na tarehe. Piga picha dashibodi kilomita zionekane. Barua iandike usiku huu huu, ya kwangu nakutumia uige, ubadilishe majina na tarehe tu.

Mzigo wa Nachingwea usikutie presha. Nina mtu Masasi ana kenta, kesho hana safari. Njoo inboksi sasa hivi nikupe namba yake.